KUWASHA, KUPIGA NA KUPITISHA: TAHAKIKI YA ISTILAHI ZA KUWASHA INJINI KWA RIMOTI

1. Utangulizi

Miongoni mwa vyombo vipya vinavyoingia nchini pasipo kungoja majina yake yatengenezwe, kimo kile kinachomwezesha mwenye gari kuiwasha injini hali yeye mwenyewe yu nje ya gari, au hata yu ndani ya nyumba yake. Mjini Mtwara, na katika vijiji vya pwani vinavyoshuka kutoka Mikindani na Msimbati hadi maingilio ya mto Ruvuma, chombo hiki kinaweza kumfikia mtu kwa njia tatu. Huenda kikawa kimo tayari ndani ya gari lililokwisha kutumika Japani, ambako wakazi wa sehemu za theluji hupenda kuipasha injini moto kabla ya safari. Huuzwa pia pamoja na alamu za magari. Tena huuzwa pamoja na alamu za pikipiki, na njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida, kwani dereva wa bodaboda hubonyeza kitufe tu, na pikipiki yake iliyoegeshwa chini ya mkorosho ikaanza kunguruma.

Shabaha ya makala haya ni kuyachungua maneno yanayotumiwa kukitaja chombo hiki, kukichagua na kukifunga. Hatukusudii kuwacheka mafundi wala wafasiri. Mafundi wametangulia mbele yetu sote, kwa kuwa wao kazi haiwangoji mpaka kamati ikutane. Hata hivyo kuna jambo ambalo haliwezi kuachwa lijitengeneze lenyewe. Karatasi za maelekezo ya vyombo hivi huandikwa kwa Kichina, Kijapani au Kiingereza, na siku hizi watu wengi huzipitisha katika mashine za kufasiri zilizomo ndani ya simu, kisha wakafuata yatokayo humo kama yalivyo. Neno likikosewa katika shairi, msomaji hukosa ladha. Likikosewa katika karatasi ya namna hii, gari huruka lilipoegeshwa na kumkumba mtoto.

Hoja yetu ni hii: kitenzi kimoja "kuwasha" kimebebeshwa kazi tatu zilizo mbalimbali, na maadamu hazijatenganishwa, jina lolote tutakalokipa chombo hiki, liwe zuri namna gani, halitamwongoza mtumiaji kwa usalama.

2. Chombo chenyewe na kazi yake

Haifai kuhukumu istilahi kabla ya kukijua kitu kinachotajwa. Katika swichi ya gari la kawaida linalotumia ufunguo mna hatua nne. Katika hatua ya kwanza kila kitu kimezimwa. Hatua ya pili hupeleka umeme kwenye redio na vitu vidogo vidogo. Hatua ya tatu hupeleka umeme kwenye injini yenyewe, yaani kwenye pampu ya mafuta, plagi, kompyuta ya injini na taa za dashibodi. Hatua ya nne ni ya kupiga stata, nayo dereva huishika kwa sekunde chache tu; akiuachia ufunguo, hurudi wenyewe kwenye hatua ya tatu. Wakati stata inaizungusha injini, umeme wa redio na kiyoyozi hukatwa kwa muda, ili nguvu ya betri iende panapohitajika zaidi.

Chombo tunachokizungumzia ni kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi, na nyaya zake huunganishwa na nyaya za swichi. Kikipata amri ya rimoti hufanya yote ambayo mkono wa dereva ungeyafanya: hupitisha umeme, hungoja plagi za joto ikiwa gari ni la dizeli, hupiga stata, huchunguza kama injini imekwisha kuwaka, huiachia stata, kisha huiacha injini iendelee kunguruma kwa muda uliopangwa, aghalabu dakika 10 hadi 20. Mwenye gari akiingia, hutia ufunguo na kuuzungusha hadi hatua ya tatu bila kupiga stata tena, ndipo akanyage breki na kuondoka. Mtu mwingine akifungua boneti au akikanyaga breki kabla ya ufunguo kutiwa, mfumo uliofungwa sawasawa huizima injini papo hapo.

Msomaji ataona kwamba hapa mna matendo matatu yanayofuatana. La kwanza ni umeme kupita. La pili ni stata kuizungusha injini. La tatu ni injini kushika na kwenda kwa nguvu yake yenyewe. Kila moja la matendo haya linaweza kutokea na lile lifuatalo lisitokee. Umeme unaweza kupita na stata isizunguke, betri ikiwa dhaifu. Stata inaweza kuzunguka na injini isishike, mafuta yakiwa yamekwisha. Fundi anayetafuta ubovu huanza kazi yake kwa kuuliza ni tendo lipi kati ya matatu haya lililokwama.

3. Uzito uliobebeshwa kitenzi "kuwasha"

Kiswahili cha kila siku hakina shida na kitenzi hiki, kwa sababu wanaozungumza wanaonana. Twasema "washa taa", "washa jiko", "washa redio" na "washa gari", na kila mtu huelewa. Twasema "gari limewaka" tukimaanisha kwamba injini imeshika, na kwa sauti nyingine twasema "gari linawaka" tukimaanisha kwamba linateketea. Wapo pia wasemao "tia gari moto", wakiwa na nia njema kabisa ya kwenda kazini. Sauti, uso na mazingira ndivyo hutenganisha maana hizi. Karatasi ya maelekezo haina sauti wala uso.

Tuchukue mfano wa mfasiri aliyekabidhiwa maelekezo ya kufunga kisanduku, akatumia "washa" kila mahali. Ataandika kwamba fundi awashe swichi, apime umeme katika waya wa njano, kisha awashe gari na kupima tena, na mwisho awashe mfumo kwa rimoti. Fundi hodari ataokolewa na ujuzi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha ufundi hatajua kama katika kipimo cha kwanza injini inatakiwa iwe inanguruma au imelala. Tena jambo hilo lina maana kubwa, kwani waya wenye umeme katika hatua ya tatu peke yake na waya wenye umeme wakati wa kupiga stata peke yake ni nyaya mbili tofauti. Akizichanganya, stata itaendelea kuzunguka hali injini imekwisha kushika, na meno yake yatasagika. Au chombo kitakaa kimya na lawama zote zitamwendea muuzaji.

Mkoa wa Mtwara una sababu yake ya pekee ya kuwa mwangalifu na neno hili. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na leo mtambo wa kuisafisha uko Madimba, ambako bomba la kwenda Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015 huanzia. Penye gesi na penye vituo vya mafuta, onyo la kutowasha huwa ni onyo la uhai. Ilani isemayo "Usiwashe" humfanya msomaji afikirie kiberiti na sigara. Haimkumbushi kwamba gari lililoegeshwa bila mtu ndani linaweza kuanza kunguruma kwa sababu kitufe kimebonyezwa mfukoni, mita mia kutoka hapo. Ilani inayotosheleza haina budi kutaja kitu chenyewe: "Usiwashe injini, kwa ufunguo wala kwa rimoti."

Kwa bahati njema, lugha ya madereva imekwisha kutupatia nusu ya dawa. Msemo "kupiga stata" ni wazi, ni mfupi, na unafahamika kutoka Tanga hadi Tunduru. Yamkini umerithi kitenzi chake katika "kupiga hendeli", tangu siku zile ambapo injini ilizungushwa kwa chuma mbele ya gari, kazi iliyoweza kuuvunja mkono wa mtu pindi chuma kikirudi nyuma kwa ghafla. Stata ya umeme iliyotengenezwa na Charles Kettering mwaka 1911, na kuwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, iliiondoa hendeli polepole, lakini kitenzi kikabaki. Hii ndiyo desturi ya lugha iliyo hai, nayo haifai kuvunjwa. Tendo la pili, basi, lina jina lake. Tendo la tatu nalo laweza kuachiwa "kuwaka", mradi lisemwe juu ya injini na si juu ya gari. Lililobaki bila jina imara ni tendo la kwanza.

4. Majina ya chombo yanayoshindana

Katika orodha za maneno mapya zinazozunguka miongoni mwa wapenzi wa lugha limo neno "kitenzambali". Katika maandishi mengine huonekana "kidhibiti mbali". Mitaani husikika "rimoti", na baadhi ya mafundi huuita mfumo mzima "rimoti stata". Tuyapime moja moja.

"Kitenzambali" lina sifa ya kutumia mzizi wetu wenyewe na la kufuata kanuni za uundaji wa nomino. Kasoro yake ni kwamba linataja kile kinachoshikwa mkononi, kiwe cha runinga, cha lango au cha gari, na halisemi chochote juu ya kisanduku kilichomo chini ya dashibodi. Aliye na kitenzambali cha kufungulia milango ya gari hana chombo cha kuwashia injini, ingawa vyote viwili vinafanana mkononi. "Kidhibiti mbali" lina kasoro hiyo hiyo, na juu yake limeongeza nyingine. Kudhibiti ni kuzuia na kutawala, hali sisi twataka jina la chombo kinachoanzisha mwendo. "Rimoti stata" ni jina la haraka la karakana, na twalielewa chimbuko lake. Lakini linadanganya, kwa kuwa stata haikubadilika hata kidogo: ni ile ile ya kiwandani, imekaa pale pale ubavuni mwa injini. Kilichoongezwa ni mkono wa kuipiga.

Kuhusu "rimoti", twaona kwamba shauri limekwisha. Neno hili limeingia nyumbani kwa mlango wa runinga, watoto hulitamka kabla ya kwenda shule, nalo limekubali upatanisho wa kisarufi bila taabu: rimoti hii, rimoti zile. Kanuni ya Baraza ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni, ni kanuni ya kuwaongoza wanaotafuta neno. Haikukusudiwa kumnyang'anya mwananchi neno alilokwisha kulipata. Mahali ambapo umma umenyamaza, tuunde. Mahali ambapo umma umesema, tusikilize.

Kuna tatizo moja dogo ambalo limewaponyoka wengi, nalo ni msemo "kwa mbali". Mfasiri huandika "kuwasha injini kwa mbali" akidhani amesema kwamba mtu yu mbali na gari. Lakini katika Kiswahili "kwa mbali" huwa pia na maana ya kiasi kidogo au kutodhihirika. Mtu hufanana na nduguye kwa mbali, na sauti ya ngoma husikika kwa mbali. Injini inayowaka kwa mbali, kwa sikio la Mswahili, yaweza kuwa injini inayowaka kwa shida, karibu na kuzimika! Heri isemwe "kwa rimoti", au "mtu akiwa mbali na gari", kuliko kuutegemea msemo unaoelekea pande mbili.

Kwa mfumo mzima twapendekeza neno "kiwashainjini". Ni neno ambatani lenye kitenzi na yambwa yake, mfano wa "kifunguamimba" na "kinasasauti". Linataja injini waziwazi, kwa hiyo halichanganyiki na kiberiti wala na swichi ya taa. Rimoti ibaki kuwa rimoti, na kiwashainjini kiwe mfumo unaoitii.

5. Nyaya, swichi na masafa

Sehemu iliyo na makosa ya hatari zaidi ni ile ya kufunga. Hapa tutataja maneno matatu tu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoleta hasara kubwa.

La kwanza ni "ardhi". Mafundi umeme wa nyumba huwa na waya unaokwenda ardhini, na Kiswahili chao huuita waya wa ardhi, au ethi. Mfasiri akilihamishia jina hilo garini, atamwambia mtu aunganishe waya mweusi na ardhi, hali gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Katika gari, waya huo hufungwa kwenye chuma cha bodi, ambacho nacho kimeunganishwa na ncha hasi ya betri. Jina linalomwongoza mtu ni "waya wa bodi". Wala hili si suala la nadharia katika pwani ya Mtwara. Hewa ya chumvi hula chuma. Waya uliofungwa juu ya rangi au juu ya kutu hupitisha umeme leo na kukataa kesho, na kisanduku huanza kufanya mambo ya ajabu. Maelekezo mema yatasema: kwangua rangi mpaka chuma king'are, kaza kwa bolti, kisha paka grisi. Neno "ardhi" haliwezi kumfikisha mtu kwenye maelekezo hayo.

La pili ni jozi ya "fungua" na "funga". Wazee wetu walisema "fungua redio" kwa maana ya kuifanya iseme, kama vile mtu anavyofungua bomba ili maji yatoke. Madereva wengine nao husema "fungua swichi" kwa maana ya kuzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zitokee. Lakini katika somo la umeme, njia iliyofunguka ni njia iliyokatika, na njia iliyofungwa ndiyo ipitishayo. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia na dereva hutumia neno moja kwa maana zilizopingana kabisa. Jambo hili huwa baya zaidi tukifika kwenye rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Zipo rilei ambazo zikilala, yaani zisipopewa umeme, njia yake imekatika. Na zipo ambazo zikilala, njia yake inapita. Fundi akiambiwa tu achukue rilei "iliyo wazi", hajui achukue ipi. Akichukua isiyotakiwa katika waya wa stata, gari litakataa kabisa kupigwa stata, au litapigwa stata wakati lilipaswa kukataa.

Dawa yake ni kuyaepuka maneno yote mawili katika maandishi ya umeme wa magari, na kutumia "kupitisha umeme" na "kukata umeme". Misemo hii miwili haina upinzani. Kila mwananchi, awe amesoma au hakusoma, anajua umeme kukatwa ni nini. Nayo inatupatia jina la lile tendo la kwanza lililokuwa likikosa jina. Sasa twaweza kusema kwa mpango: pitisha umeme, piga stata, injini ikiwaka achia.

La tatu ni "masafa". Neno hili kongwe lina maana ya umbali kati ya mahali na mahali, na kwa njia ya redio limepata maana ya pili, ndiyo hiyo ya masafa mafupi na masafa ya kati, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huitumia inapozungumzia matumizi ya mawimbi. Karatasi moja ya rimoti itataja yote mawili: kwamba chombo hutumia megahezi 433, na kwamba huweza kufika mita 100. Mfasiri akiita vyote "masafa", mnunuzi atadhani kwamba 433 ni kubwa kuliko 100, na kwa hiyo rimoti yake hufika mbali zaidi. Twapendekeza "masafa" yaachiwe redio, ambako yamekwisha kuzoeleka, na kwa maana ya pili isemwe "umbali wa rimoti".

6. Istilahi na uchaguzi wa chombo

Mtumishi wa serikali anayeandaa zabuni ya vipuri, au mwananchi anayekwenda dukani na akiba yake, hununua kwa maneno kabla hajanunua kwa macho. Zabuni ikitaja "rimoti ya gari" tu, mzabuni ataleta cha bei rahisi, pengine cha kufungua milango peke yake, wala hataweza kushitakiwa kwa kuvunja mapatano. Kwa hiyo twaona ni wajibu kuyataja mambo ambayo maandishi ya ununuzi hayana budi kuyaeleza.

Gia ni jambo la kwanza. Gari la otomatiki lina kizuizi cha kiwandani kinachokataza stata kupigwa isipokuwa gia iko mahali pa kuegesha au haikuingizwa. Magari mengi ya klachi nayo hutaka klachi ikanyagwe kwanza, na fundi anayefunga kiwashainjini hulazimika kukiruka kizuizi hicho. Gari hilo likiachwa katika gia ya kwanza, stata peke yake ina nguvu ya kulisukuma mbele. Pikipiki ni vivyo hivyo. Desturi ya madereva wengi kuegesha gari la klachi likiwa ndani ya gia, hasa penye mteremko, ni desturi njema kwa mwenye ufunguo, na ni mtego kwa mwenye rimoti. Maelekezo yanayosema "hakikisha gari limeegeshwa vizuri" hayajasema neno. Yaseme: "toa gia, vuta hendibreki."

Jambo jingine ni kizuizi cha injini. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayawaki mpaka yautambue ufunguo wake kwa alama iliyofichwa ndani yake. Ili kiwashainjini kifanye kazi, fundi hufunga kifaa kinachojifanya kuwa ufunguo, na wakati mwingine huuficha ufunguo wa akiba ndani ya gari lenyewe. Mwuzaji huita kazi hiyo kwa jina la kupendeza. Mfasiri mwaminifu hana budi kuieleza kuwa ni kuudhoofisha ulinzi dhidi ya wizi, ili mwenye mali achague hali akijua.

Limebaki suala la kusudio. Maelekezo ya Japani na ya Amerika ya Kaskazini hutumia kurasa nyingi kueleza jinsi ya kuyeyusha barafu kwenye kioo. Kuyafasiri hayo neno kwa neno kwa ajili ya msomaji wa Msimbati ni kumpotezea wakati. Yeye anataka gari lipoe kabla hajaingia, na anahitaji kuambiwa kwamba kisanduku hakibonyezi kiyoyozi kisichobonyezwa: katika magari mengi yenye swichi za kawaida, aliyekizima aliposhuka atakuta joto lile lile. Vilevile onyo la hewa ya sumu itokayo katika bomba la moshi lisiachwe kwa hoja kwamba mabanda yetu mengi yako wazi. Yapo ambayo hayako wazi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu.

7. Upande wa pili: kuzima na kuzuia

Ndugu wa kiwashainjini ni kile kifaa cha kufuatilia chombo, ambacho wakopeshaji wa bajaji na pikipiki hukifunga ili deni lisipolipwa waweze kukisimamisha chombo kwa simu. Mapatano ya mkopo yakisema tu kwamba mkopeshaji "atakizima chombo", yameacha wazi jambo kubwa. Kuzima ni kuisimamisha injini inayokwenda, pengine katikati ya barabara, abiria wakiwa ndani. Kuzuia kuwaka ni kuiacha injini imalize safari yake, kisha isikubali kupigwa stata tena. Kwa rilei, tofauti ni ya waya upi uliokatwa. Kwa mwananchi, tofauti yaweza kuwa ni ya uhai wake. Wanaoandika mapatano hayo kwa Kiswahili wanapaswa kuchagua kitenzi kimoja kati ya viwili hivyo na kukishika.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, twayaweka maneno yafuatayo mbele ya wasomaji ili yajadiliwe:

Rimoti: kifaa kinachoshikwa mkononi na kutuma amri kwa mawimbi ya redio au kwa njia nyingine isiyo ya waya.

Kiwashainjini: mfumo mzima unaopokea amri ya rimoti na kuiwasha injini pasipo mtu kuzungusha ufunguo.

Kupitisha umeme, kukata umeme: kuufanya umeme upite katika waya au swichi, na kuufanya usipite. "Kufungua" na "kufunga" yasitumike kwa maana hizi katika maandishi ya ufundi wa magari.

Kupiga stata: kuizungusha injini kwa stata.

Kuwaka: kwa injini, kushika na kwenda kwa nguvu yake yenyewe. Isemwe "injini imewaka".

Waya wa bodi: waya unaounganisha chombo na chuma cha gari upande wa hasi.

Rilei ya kukata, rilei ya kupitisha: rilei ambayo ikilala njia yake imekatika, na ile ambayo ikilala njia yake inapita.

Masafa, umbali wa rimoti: la kwanza kwa mawimbi ya redio, la pili kwa mita.

Kizuizi cha injini: sehemu ya gari inayokataa injini isiwake mpaka ufunguo utambuliwe.

Kuzima, kuzuia kuwaka: kuisimamisha injini inayokwenda, na kuikataza injini iliyolala isiwake.

9. Hitimisho

Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na ng'ambo ya Ruvuma, katika sehemu za Palma, wapo wanaokizungumza. Gari likivuka mto huo huvuka na majina ya vyombo vyake. Itakuwa aibu kwetu ikiwa majina yatakayovuka nalo ni yale yanayomwelekeza fundi achimbe shimo la kuzikia waya mweusi.

Twawaomba wafasiri wasiridhike na neno mpaka wamekiona kitu, na ikiwezekana wamesimama kando ya fundi akikifunga. Twawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu mapendekezo haya darasani, maana wanafunzi ndio watakaotuambia lipi limekaa na lipi limepwaya. Nao watumishi wa serikali wanaoandika zabuni, ilani na mapatano twawaomba waliulize kila andiko lao swali moja kabla ya kulitia sahihi: asiyekuwapo tulipoliandika, akilisoma peke yake, atakata waya upi?

Maoni juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno mengine yanayotumika katika karakana za mikoani, yatapokelewa na Baraza kwa shukrani.